Kigeuzi cha kasi za modemu za zamani: shajara ya mradi

Nina faili la maandishi la miaka ya 1990 nililolikomboa kwenye disketi. Ndani yake programu yangu ya mawasiliano iliandika mstari mmoja kwa kila faili nililoshusha kwa modemu, kifaa kinachopitisha data ya kompyuta kwenye laini ya simu: tarehe, kasi ya kuunganishwa, jina, ukubwa, sekunde zilizotumika na herufi kwa sekunde. Mistari 418. Nilitaka programu ndogo isome safu ya kasi na kuniambia hiyo ni sawa na nini kwa vipimo vya leo: kbit/s (biti elfu kwa sekunde), Mbit/s (biti milioni kwa sekunde), kilobaiti kwa sekunde. Kuzidisha na kugawanya, basi. Nilitenga jioni moja. Zimepita wiki nane.

Shajara hii ni ya yeyote atakayetaka kuiga. Hatua zisizo na kisa nimezipita juujuu. Gharama naihesabu kwa saa, kwa sababu vifaa vyote vilikuwa vimelala kabatini.

## 11 Januari 2025: toleo la kwanza, mistari tisa

Toleo la kwanza limekamilika kabla chai haijapoa. Unaingiza 2400, yaani biti (0 au 1) kwa sekunde, inagawanywa kwa 8 kupata baiti, kisha kwa 1024 kupata kilobaiti. Kwa 2400 nikapata baiti 300 kwa sekunde. Nikalinganisha na mstari wa kwanza wenye kasi hiyo kwenye faili langu: baiti 61,440, sekunde 258, herufi 238 kwa sekunde, herufi moja ikiwa ni baiti moja.

Zile 62 zimekwenda wapi?

Nikailaumu laini. Laini za wakati ule zilikuwa na mikwaruzo, na itifaki ya kuhamisha faili, yaani kanuni za kukabidhiana data, nayo hula fungu lake. Lakini nilipoipanga mistari yote ya 2400 kuanzia wa kasi ya juu, hakuna hata mmoja uliovuka 240. Mikwaruzo hupanda na kushuka. Ukuta unaosimama palepale 240, leo na kesho na mwezi ujao, huo umejengwa na mtu.

2400 gawanya kwa 10 ni 240. Ndipo nikakumbuka alama niliyokuwa nikiichagua kwenye menyu kila siku bila kuifikiria: 8N1. Baiti haikusafiri peke yake. Kompyuta ilitanguliza biti moja ya kuanzia, ikafuata na biti nane za data, ikafunga kwa biti moja ya kumalizia, ili upande wa pili ujue herufi imeanza wapi na imeishia wapi, maana pande hizo mbili hazikuwa na saa ya pamoja. Herufi A kwa mfano ni namba 65, yaani 01000001. Hutumwa ikianza na biti ndogo, kwa hiyo wayani ilipita hivi: 0 kwanza, kisha 10000010, kisha 1. Biti kumi kwa herufi moja.

Mpango wa 7E1 nao ni kumi: saba za data, moja ya pariti (ya kukagua kosa), ya kuanzia na ya kumalizia. Pa kuangalia ni kwenye mashine kongwe kama Teletype Model 33, taipureta ya kutuma na kupokea maandishi kwa waya, iliyotumia biti mbili za kumalizia. Hiyo ni 11 kwa herufi, na ndiyo maana kasi yake ya 110 hutoa herufi 10 kamili kwa sekunde.

Marekebisho: kigawanyo sasa si 8 iliyochongwa ndani ya programu, ni kitu unachokichagua. Gharama: saa tatu, mbili kati yake nikiisingizia laini.

## 14 Januari: kilo

Toleo la kwanza lilisema modemu ya 56K ni kilobiti 54.69. Nilikuwa nimegawanya 56,000 kwa 1024. Kwenye mawasiliano kilo ni 1000 tangu enzi na enzi. 1024 ni ya watu wa kumbukumbu za kompyuta, kwa vile kumbukumbu hupangwa kwa vipeo vya mbili. Mwaka 1998 IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, walitoa kibibaiti, KiB, ili 1024 iwe na jina lake. Kwa hiyo sasa: biti ni 1000 daima, na baiti naonyesha kwa vipimo vyote viwili, kB na KiB, kila kimoja na lebo yake.

Nilidhani nimemaliza, kisha nikaongeza safu ya "disketi moja ingechukua muda gani" na kuandika 1.44 × 1024 × 1024. Kosa. Disketi ya "megabaiti 1.44" ni baiti 1,474,560, yaani 1440 × 1024. Megabaiti yake ni chotara: elfu moja ya mafundi wa simu imeolewa na 1024 ya mafundi wa kumbukumbu. Hesabu yangu ilizidi kwa baiti 35,389, ambazo kwa modemu ya 2400 ni karibu dakika mbili na nusu za hewa.

Baada ya kusahihisha, modemu ya 14,400 ikatoa sekunde 1024 kamili kwa disketi moja. Nilisaka kosa kwa nusu saa kabla ya kuelewa kwamba namba ni ya kweli: 14,400 gawanya kwa 10 ni 1440, na disketi ni 1440 mara 1024. Dakika 17 na sekunde 4. Kwa 28,800 ni sekunde 512. Kwa 300 ni saa 13, dakika 39 na sekunde 12, ikiwa hakuna mtu nyumbani atakayeinua mkono wa simu.

## 19 Januari: baudi

Hili ndilo lililonitoa jasho. Kwenye faili langu safu ya kasi imeandikwa "baud". Mwongozo wa modemu yangu ya kwanza nao unasema "2400 baud". Nami nilijua, kama ajuavyo kila aliyewahi kusahihishwa na mjuaji, kwamba baudi si biti kwa sekunde. Baudi, iliyopewa jina la Émile Baudot, mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa, huhesabu ishara iliyoko wayani imebadilika mara ngapi kwa sekunde. Badiliko moja, tuliite alama, laweza kubeba biti moja au zaidi.

Nikaona nifanye mambo kisomi. Nikatengeneza jedwali la viwango vya modemu, yaani kanuni zilizokubaliwa ili modemu zielewane:

- Bell 103 na V.21: baudi 300, biti 1 kwa alama, 300 bit/s
- Bell 212A na V.22: baudi 600, biti 2, 1200 bit/s
- V.22bis: baudi 600, biti 4, 2400 bit/s
- V.32: baudi 2400, biti 4, 9600 bit/s
- V.32bis: baudi 2400, biti 6, 14,400 bit/s
- V.34: baudi hadi 3429, hadi 33,600 bit/s

Kisha nikaiagiza programu: ukikuta neno "baud", itafute namba kwenye safu ya baudi, zidisha. Kwa 300 ikajibu sawasawa. Kwa 1200 ikagoma, kwani jedwali langu halikuwa na baudi 1200. Kwa 2400 ikaikuta V.32 mwanzo na kutangaza 9600 bit/s. Modemu iliyokuwa ikinichosha kwa herufi 238 kwa sekunde imepanda cheo mara nne! Na mimi nikaamini. Nilikaa na matokeo hayo siku tatu, nikachora na grafu, ikapendeza.

Kilichonizindua ni safu ya herufi kwa sekunde, iliyokuwa hapo hapo muda wote. Ikiwa 2400 ile ni baudi za V.32, herufi zingekuwa mia tisa na ushei. Zilikuwa 238. Mwongozo ulitumia neno vibaya, wauzaji walitumia vibaya, na programu yangu ya zamani ya mawasiliano ilitumia vibaya kama wote. Sababu yake si ngumu: enzi za 300, biti na baudi zilikuwa namba moja, watu wakazoea neno, na modemu zilipoanza kubeba biti mbili na nne kwa alama, neno likabaki likining'inia kwenye namba isiyo yake.

Kwa hiyo ujuaji wangu ndio uliokuwa kosa. Kanuni niliyoishia nayo ni hii: kwenye maandishi ya zamani "baud" isomwe kama bit/s ikiwa namba ni kasi inayojulikana ya biti (300, 1200, 2400, 9600, 14,400 na kuendelea). Isomwe kama baudi halisi pale tu namba inapokuwa ya alama na si ya biti, mfano 600 kwenye karatasi ya kiufundi ya V.22bis, au 3429. Na kila mara ilinganishwe na herufi kwa sekunde kama zipo. Zikipishana mno, programu iseme, isinyamaze.

V.34 nayo ilikuwa na lake. Nilihifadhi biti kwa alama kama namba nzima, ikakatwa ikawa 9, na 9 mara 3429 ni 30,861, kasi isiyokuwepo kwenye kiwango chochote. Ukweli ni kwamba 3429 yenyewe imekadiriwa. Thamani kamili ni 24,000 gawanya kwa 7, na 33,600 ukiigawanya kwa hiyo unapata 9.8 bila masalia. V.34 hugawa biti juu ya kundi la alama, kwa hiyo wastani wake waweza kuwa na desimali. Nimeacha kuhifadhi biti kwa alama. Nahifadhi kasi ya mwisho, na zile baudi zimebaki kuwa maelezo.

Gharama: saa kumi na moja, pamoja na grafu.

## 2 Februari: modemu mbili mezani

Nimechoka kubishana na karatasi. Nimetoa kabatini modemu mbili za 56K, nikaziunganisha kwa waya wa simu mmoja kwa mmoja, na kwenye uzi mmoja kati ya mbili nikaingiza betri ya volti 9 na kizuizi cha omu 470 ili laini iwe na mkondo kidogo kama laini ya kweli. (Atakayeiga asije akaunganisha mtambo huu na laini halisi ya simu.)

Jaribio la kwanza: ATD, amri ya kupiga simu, kwenye modemu ya kushoto. Jibu: NO DIALTONE. Haki yake, maana mlio wa kupigia ungetoka wapi? ATX3 huiambia modemu isingoje mlio. Kisha ATD kushoto na ATA, amri ya kupokea simu, kulia, ndani ya sekunde chache. Zikaitana kwa ule mlio wa kuunguruma na kukoroma ambao aliyewahi kuusikia hausahau, na kwenye skrini ikatokea:

CONNECT 115200

Nilisimama kitini. Biti 115,200 kwa sekunde kwa modemu ya kupiga simu, katika karne yoyote, ni muujiza. Lakini hiyo ni kasi kati ya kompyuta na modemu yake, yaani kasi ya poti, niliyoiweka mwenyewe nilipofungua programu. Wayani hakuna aliyeulizwa. Kwenye modemu zangu ATW2 huibadilisha taarifa iwe kasi ya laini. Modemu nyingine zina amri nyingine, soma mwongozo wake. Nikapiga upya: CONNECT 31200.

Hapo ndipo jioni mbili zilipoteketea. Modemu zimeandikwa 56K zote mbili, waya una urefu wa mkono, hakuna mikwaruzo, na bado 31,200. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha kizuizi. Nikaweka betri mpya. Nikalazimisha kiwango cha V.90, kile cha 56K, kwa AT+MS=V90 na kila mara nikapata NO CARRIER, yaani hazikuunganishwa.

Kosa halikuwa mezani, lilikuwa kwenye matarajio yangu. Modemu mbili za kawaida haziwezi kuzungumza kwa 56K hata uziunganishe kwa dhahabu. Ndani ya mtandao wa simu sauti hugeuzwa kuwa namba: sampuli 8000 kwa sekunde, biti 8 kila moja, jumla 64,000 bit/s. Kugeuza sauti kuwa namba huacha kelele, na kelele hiyo ndiyo dari ya modemu za V.34. Ukichukua upana wa 3100 Hz na ishara inayozidi kelele kwa desibeli 35, kanuni ya Shannon, inayokadiria kasi ya juu kabisa ya laini yenye kelele, inakupa takriban kilobiti 36 kwa sekunde. 33,600 iko chini yake kidogo tu. V.90 ya mwaka 1998 iliikwepa dari hiyo kwa ujanja: mtoa huduma aliunganishwa na mtandao wa simu kidijitali, akatuma namba zenyewe badala ya sauti, kwa hiyo ugeuzaji ule wenye kelele haukuwepo upande wa kushusha. Biti 7 kati ya 8 zikatumika, na 7 mara 8000 ni 56,000. Upande wa kupandisha sauti ya mteja ilikuwa bado inageuzwa, ndiyo maana V.90 hupandisha kwa 33,600 tu.

Mezani kwangu kuna wateja wawili na hakuna mtoa huduma, kwa hiyo kilichobaki ni V.34.

Kwa hiyo kwenye kigeuzi "56K" haitoi tena namba moja. Inatoa kushusha hadi 56,000, kupandisha hadi 33,600 kwa V.90 au hadi 48,000 kwa V.92, kiwango kilichoifuata, na tanbihi kwamba Marekani kanuni za nguvu ya ishara kwenye laini ziliibana kushusha isizidi 53,333 hivi.

Gharama: jioni tatu na betri moja.

## 9 Februari: kigawanyo kinafufuka

Leo ni vipimo. Nimezifunga modemu zote mbili kwenye V.22bis kwa AT+MS=V22B,0, nikazima usahihishaji wa makosa kwa \N0 na ubanaji wa data kwa %C0, nikatuma baiti 24,000 zilizochanganywa kiholela. Kwa biti kumi kila baiti zingechukua sekunde 100. Programu ya kutuma ikasema imemaliza kwa sekunde 80.

Sekunde 80 ni baiti 300 kwa sekunde, jibu lilelile bovu la tarehe 11 Januari. Kwa dakika kama kumi nilikuwa tayari kuifuta shajara nzima. Kisha nikatazama upande wa pili: herufi zilikuwa bado zinaingia. Programu ya kutuma ilikuwa imezikabidhi baiti za mwisho kwenye bafa (kumbukumbu za kusubiria) za kompyuta na za modemu, ikajipongeza na kuondoka. Pima upande wa kupokea, kuanzia baiti ya kwanza hadi ya mwisho. Nilipofanya hivyo: sekunde 100, kama ilivyotakiwa.

Kisha nikawasha usahihishaji wa makosa wa V.42, ubanaji ukiwa bado umezimwa. Sekunde 85. Yaani baiti 282 kwa sekunde kwenye laini ya 2400, juu ya ule ukuta wa 240 nilioutetea kwa nguvu zote.

Maelezo yake ni haya. V.42 ikiwashwa, modemu huzivua biti za kuanzia na za kumalizia kabla ya kuingia wayani. Modemu mbili zenyewe zimeshapatana saa, kwa hiyo hazihitaji kila herufi ibebe alama zake; huzifunga baiti kwenye mafungu yaitwayo fremu, na kila fremu ina anwani, namba yake na hesabu ya kuhakiki. Kwa hiyo kigawanyo kinarudi kuwa 8, kisha unatoa asilimia chache za fremu. Kwangu ilibaki asilimia 94.

Na hapo kikaeleweka kitu kingine. Mistari ya 14,400 kwenye faili langu inaonyesha herufi 1,650 kwa sekunde, zaidi ya 1,440 za kigawanyo cha 10. Mwezi Januari niliiwekea yote alama ya "saa ya kompyuta imekosea". Saa haikukosea. Modemu ya 2400 niliyokuwa nayo haikuwa na V.42, ya 14,400 ilikuwa nayo.

Nikawasha na ubanaji, V.42bis. Kwa uvivu nilituma faili la herufi A tupu, baiti 24,000. Likafika kwa chini ya sekunde 10. Usipime kwa faili la namna hiyo, utapata modemu ya ndotoni. Maandishi ya kawaida yalichukua sekunde 44. Faili lile la kiholela halikupungua kitu, na faili la ZIP litakuwa vivyo hivyo kwa kuwa limeshakamuliwa. Kwenye maboksi waliandika "hadi mara nne", wakazidisha 14,400 na kuandika 57,600 kwa herufi kubwa.

Kigeuzi sasa kina hali tatu. Bila V.42: gawanya kwa 10. Kwa V.42: gawanya kwa 8, punguza asilimia 6. Kwa V.42bis: hakitoi namba, kinasema inategemea faili. Mtu wa kwanza kukijaribu alilalamika kuhusu hiyo ya tatu, anataka namba. Sitoi.

## 16 Februari: 1333

V.90 hushusha kwa ngazi, kuanzia 28,000 hadi 56,000. Niliziandika kwa kuongeza 1333 kila mara, na ngazi ya mwisho ikaishia 55,993. Ngazi kamili ni 8000 gawanya kwa 6, yaani 1333 na theluthi. Theluthi 21 zilizoachwa njiani ndizo zile 7 zilizopungua. Sasa nahesabu kwa sehemu, nageuza kuwa namba nzima mwishoni tu.

Baada ya hapo programu ikaanza kuikataa mistari ya 50666. Jedwali lilikuwa na 50,667, kwa kuwa nilikadiria kwenda juu, ilhali modemu yangu ilikata desimali. Nimeruhusu tofauti ya biti 1 kila upande. Saa moja na nusu.

## 23 Februari: pande mbili

Nimeongeza V.23, 1200 kwenda na 75 kurudi, iliyotumiwa na Minitel huko Ufaransa na Prestel huko Uingereza, huduma za kusoma habari kwenye skrini kupitia simu. Mtumiaji alisoma kwa kasi na kuandika kwa vidole, na 75 bit/s kwa biti kumi ni herufi 7.5 kwa sekunde, zinazotosha vidole vya wengi. Safu ya kasi imegawanyika kuwa kushusha na kupandisha kwa viwango vyote. Haikusumbua.

## 2 Machi: sifuri nyingi

Safu ya Mbit/s ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo, na ndiyo ya mwisho kukamilika. Niliipa desimali mbili. Matokeo: 300 ni 0.00, 1200 ni 0.00, 2400 ni 0.00, 14,400 ni 0.01, na hata 56K ikapata 0.06 tu. Miaka thelathini ya ufundi imegeuka sifuri kwa sababu ya mpangilio wa kuchapisha namba. Nimebadilisha ziwe hadi tarakimu tatu zenye maana, popote desimali inapoangukia: 0.0012, 0.0024, 0.0144, 0.056. Chini ya 1000 bit/s programu haigeuzi kabisa, inaacha bit/s.

Kuhusu kulinganisha na leo: laini ya 100 Mbit/s ni mara 1,786 ya 56,000. Hiyo ni biti za laini kwa biti za laini, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Nilikuwa nimeanza kulinganisha herufi kwa sekunde za zamani, zilizokwisha kutolewa biti za kuanzia na za kumalizia, na Mbit/s za leo ambazo hazijatolewa chochote. Leo nako kuna makato: vichwa vya TCP na IP, itifaki za intaneti, ni baiti 40 kwa kila pakiti kwa uchache, sawa na karibu asilimia 7 ya pakiti ya baiti 576 na chini ya asilimia 3 ya pakiti ya 1500. Programu sasa hukataa kuweka kwenye mstari mmoja namba zilizokatwa na zisizokatwa.

## 8 Machi: mistari 61

Imebaki mistari 61 iliyokuwa ikikwama tangu mwanzo, ya 38400 na 57600. Hakuna modemu ya laini ya simu yenye kasi hizo, na baada ya CONNECT 115200 ya mezani najua ni nini: programu yangu ya zamani iliandika kasi ya poti. Kuigeuza ingekuwa kugeuza uongo kuwa uongo wa kisasa.

Lakini herufi kwa sekunde zipo. Faili la ZIP, kasi "57600", herufi 3,270: ZIP haibaniki, 28,800 gawanya kwa 8 ni 3,600, asilimia 94 ni 3,384. Basi ilikuwa modemu ya 28,800, na kilichopungua kimeliwa na itifaki ya kuhamisha faili. Faili la ZIP, "38400", herufi 1,652: hiyo ni 14,400. Kwa njia hiyo nimeitambua mistari 60, kila mmoja nikiuwekea alama kwamba kasi yake imekisiwa kutokana na mwendo wa faili.

Mmoja umekataa. Ni faili la maandishi matupu, "38400", herufi 3,790 kwa sekunde. Maandishi hubanika, kwa hiyo modemu ya 14,400 yenye V.42bis ingeweza kulifikisha, na ya 28,800 ingeweza bila kutoka jasho. Poti ya 38400 kwa biti kumi inaishia 3,840, na faili limeugonga ukuta huo. Poti ndiyo iliyolizuia, modemu iliyo nyuma yake haionekani. Mwezi ule nilikuwa na zote mbili, moja yangu na moja ya kuazima. Kwenye jedwali nimeandika "14,400 au 28,800" na kuiacha safu ya Mbit/s tupu.

Toleo la 7 limefungwa leo. Mistari ya programu: 212. Saa: 46.